Gauni la Senene

Kabla ya jambo lolote, Kokuberwa aliona mkono.

Ulikuwa mkono wa mdogo wake, Projestus, mtoto ambaye mwakani angeanza darasa la kwanza. Kila alipotaka kukaa, iwe juu ya kigoda cha jikoni au juu ya majani makavu ya migomba, aliupitisha mkono nyuma ya mapaja, taratibu, kama wasichana wanavyokunja gauni wasije wakalikalia vibaya. Lakini Projestus hakuwa na gauni. Alikuwa na kaptula ya kaki iliyopauka, isiyo na kitu cha kukunja. Mkono ulipita hewani, ndipo akakaa.

Kokuberwa hakumwambia mtu. Alikuwa msichana mwenye haya nyingi, mtulivu kama maji ya mtungini. Alipokuwa akisoma, mwalimu alikuwa akimwambia, "Sema tena, hapa mbele hatukusikia," naye akiinama zaidi. Shule yenyewe aliiacha akiwa darasa la nne, mama yao alipofariki, ili apike na amlee mdogo wake. Aliyoyaona aliyaweka moyoni, na moyo wake ulikuwa na nafasi kubwa.

Wahenga walisema, mtoto akililia wembe mpe. Watu wengi huitumia methali hii wakiwa wamekasirika: mpe umkate, akome. Lakini wembe una makali pande mbili, na methali hii nayo ni hivyo hivyo. Yaliyotokea katika nyumba ya Anatory yanatosha kuwa ushahidi.

Anatory, baba yao, alikuwa na kibanja cha migomba na mibuni huko Kamachumu, upande wa Muleba. Ulikuwa mwaka uliofuata Azimio la Arusha. Redioni walizungumza juu ya ujamaa na kujitegemea, na siku za mwisho za mwaka huo wakazungumza pia juu ya mavazi ya heshima, hata vijana wa chama wakaanza kusimama gulioni wakitazama kama magauni ya wasichana yamefunika magoti. Anatory alikuwa balozi wa nyumba kumi. Hakuwa msemaji, lakini akisema jambo limesemwa. Majirani walipogombania mpaka walimwita yeye, kwa maana walikuwa na msemo wao: "Neno la Anatory ni jiwe, ukiliacha jioni utalikuta asubuhi."

Mwezi wa Novemba mvua zilinyesha, na mvua zikaleta senene. Asiyejua senene na aulize mtu yeyote wa Bukoba aone macho yake yatakavyong'aa. Ni wadudu wa kijani na kahawia wanaoshuka kwa wingi juu ya nyasi, na wakikaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, hata mgonjwa huamka. Katika nyumba nyingi za huko, kuwaokota ilikuwa kazi ya wanawake na wasichana. Mwanamume aliyeletewa senene na mkewe alijua wajibu wake, nao ni kumvisha mkewe nguo mpya.

Anatory aliikuta desturi hiyo kwa baba yake. Wakati mkewe yu hai, aliisema kila mwaka mvua zilipoanza. Mke alipokufa aliendelea kuisema, labda kwa sababu nyumba ingekuwa kimya mno asingeisema. Basi jioni moja, wakiwa wamezunguka sinia la ndizi na maharage, akasema akimtazama Kokuberwa:

"Atakayeniletea kikapu cha kwanza cha senene mwaka huu, nitamshonea gauni jipya."

Projestus aliacha kutafuna. "Yeyote, Tata?"

"Yeyote," alijibu Anatory, akimega ndizi nyingine. Hakufikiri. Ilikuwa namna ya kusema tu.

Alfajiri iliyofuata Kokuberwa alipoamka kuchukua kikapu, alimkuta mdogo wake mlangoni tayari, naye ameshika kikapu kilichokuwa cha marehemu mama yao. Walitoka nje ya migomba mpaka rweya, ile nyika ya nyasi fupi inayozunguka vijiji. Umande ulikuwa mwingi. Senene walikuwa wamelala juu ya nyasi, mbawa zimelowa, hawawezi kuruka. Wanawake wengine walikuwa wameinama huku na huko, wakisalimiana bila kuinua vichwa.

"Wewe Proje, umefuata nini kwenye kazi ya wasichana?" aliuliza Kokuberwa kwa sauti ndogo.

"Nataka gauni."

"Gauni la nini?"

Mtoto alisimama akafikiri. Hakuwa amewahi kuulizwa, na alitaka kujibu vizuri. "Lako lile la maua, ukigeuka haraka linazunguka. Ukisimama, lenyewe linaendelea kidogo. Kaptula ukizunguka inakaa tu."

Kokuberwa alilitazama gauni lake lile la maua. Lilikuwa na kiraka kwapani na upindo ulikuwa umeanza kufumuka. Tangu mvua ya kwanza alikuwa akilifikiria gauni jipya. Alijua vidole vyake vilivyo. Kwa senene hakuna msichana Kamachumu aliyempita. Lakini asubuhi ile vidole vile vilianza kuwa vizito. Alisimama kufunga kitambaa cha kichwa, akakifungua, akakifunga tena. Palipokuwa na kichaka chenye senene wengi kama punje za uwele, alikipita kama asiyekiona, akamwachia aliyekuja nyuma yake.

Jua lilipotoka, kikapu cha Projestus kilikuwa kimejaa. Chake kilikuwa hakijafika nusu.

Anatory alikuwa uani akinoa panga. Projestus aliweka kikapu miguuni pake. "Tata, senene."

"Kasinge, hongera!" Anatory alipiga kelele kwa furaha, akimwita mama yake mzazi aliyekuwa jikoni. "Mama, njoo uone! Mwanamume wa shoka huyu! Amewashinda wanawake wote wa kijiji!" Alitumbukiza mkono kikapuni akawapima uzito. "Haya, mwanangu. Nitakushonea kaptula mpya ya shule. Yenye mifuko miwili na nafasi ya mkanda."

"Ulisema gauni, Tata."

"Gauni ni la wasichana."

"Ulisema yeyote."

Kicheko cha Anatory kilipungua kidogo kidogo kama moto ulionyimwa kuni. Alitazama huku na huku, akaona kwamba hakuna jirani aliyesikia. "Projestus," alisema, "ile ni namna ya kusema. Hata babu yako alisema hivyo. Sasa nenda ukanawe."

Projestus hakupiga kelele wala hakujigaragaza chini. Machozi yalishuka yakaangukia senene. Akaenda kunawa kama alivyoambiwa.

Siku hiyo nyumba ilinukia senene wa kukaanga, lakini mtoto aliyewaokota alisema ameshiba. Siku iliyofuata akasema vivyo hivyo. Alifanya kazi zake zote. Alifunga mbuzi, alileta kuni, aliitika alipoitwa. Ila alikuwa amepoa, na aliacha kumwuliza baba yake maswali. Zamani alimwuliza kila kitu, hata kwa nini ng'ombe hawana meno ya juu. Siku moja alimfuata nyanya yake jikoni akamwuliza yeye:

"Bibi, jiwe linaweza kuwa namna ya kusema?"

Bibi Joviana, mama yake Anatory, alikuwa akinyonyoa mbawa na miguu ya senene juu ya ungo. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Alielewa. Jioni ile Anatory aliporudi shambani alimwita aketi.

"Mtoto hali senene," alisema Bibi.

"Atakula njaa ikimwuma."

"Uliahidi au hukuahidi?"

"Mama, niliahidi, lakini mtu gani asiyejua kwamba maneno yale..." Kisha Anatory akasema alichokuwa akikiogopa hasa. "Unajua watakavyosema. Watasema hana mama, ndiyo maana. Watasema Anatory ameachiwa mtoto wa kiume, akamgeuza msichana kwa kutojua kulea."

Kokuberwa alikuwa akipuliza moto pembeni. Aliposikia hayo aliendelea kupuliza ingawa moto ulikwisha kuwaka.

"Watasema," alikubali Bibi. "Hata sisi tulisema. Kaptula zilipoletwa huku mara ya kwanza, mimi nikiwa msichana, tulijificha migombani tukicheka. Wanaume wazima magoti nje! Babu yako alikuwa na kanzu ndefu, akasema nguo ile ni ya vichaa. Leo wewe unalia kwa ajili ya kaptula hiyo hiyo." Alitupa mbawa pembeni. "Mtoto akililia wembe mpe, mwanangu. Usipompa ataulilia maisha yake yote, naye hajui kama unakata."

Anatory alisimama. Uso wake ulikuwa umefungwa. "Sawa. Nitampa. Tena atalivaa Jumapili, kigangoni, mbele ya watu wote. Wembe utamkata, na atautupa kwa mkono wake mwenyewe. Hapo yataisha."

"Mimi nimesema mpe," alisema Bibi Joviana. "Sikusema mtege."

Lakini Anatory alikuwa amekwisha kutoka.

Fundi Uledi alishonea barazani pa duka la Mhindi, Laxmidas. Alikuwa Mwislamu aliyetoka mbali, mtu wa utani, na cherehani yake ilisikika tangu njia panda. Projestus alisimama mbele ya majora ya vitambaa kama mtu aliye mbele ya altare. Laxmidas alimshushia la bluu, mtoto akatikisa kichwa. Akamshushia jekundu, akatikisa tena. Mwishowe mtoto mwenyewe akanyoosha kidole juu kabisa, kwenye kitambaa cha kijani chenye maua madogo meupe.

"Kama senene," alinong'ona.

Uledi alichukua futi yake akamwendea Kokuberwa. Kokuberwa alirudi nyuma huku uso ukimwaka, akamwonyesha mdogo wake kwa kidevu. Fundi alimtazama mtoto, akamtazama baba. Anatory alikuwa akichunguza bati la paa la duka kwa makini sana, kana kwamba angelinunua.

"Ahaa," alisema Uledi. Akachutama akaanza kumpima Projestus kifua. "Balozi, urefu wake uwe wapi?"

"Popote."

"Popote hapana, waitu, ndugu yangu. Vijana wa chama wanatazama magoti siku hizi. Nitashusha chini ya goti."

"Huyu ni mvulana, Uledi. Watamtazama goti la nini?"

"Walisema magoti yafunikwe. Hawakusema magoti ya nani." Fundi alicheka peke yake, kisha akaona kwamba Anatory hacheki, akawa mpole. "Usijali. Mimi napima mwili, simpimi mtu. Mwili huu ni mdogo na utarefuka. Nitaacha upindo mpana."

"Na mfuko," alisema Projestus. "Mmoja. Wa senene."

"Na mfuko mmoja wa senene," alirudia Uledi kwa heshima yote, akaandika kwa chaki juu ya kitambaa.

Jumapili ilipofika, Kokuberwa ndiye aliyemfunga mdogo wake vifungo vya mgongoni. Projestus alizunguka uani. Gauni likafunguka kama ua la boga asubuhi. Akasimama ghafla, na gauni, kama alivyosema, likaendelea kidogo lenyewe kabla ya kutulia juu ya miguu yake. Alimtazama dada yake, akingoja.

Kulikuwa na neno. Kokuberwa alilisikia likipanda kutoka kifuani. Lilifika kooni likakwama pale kama mwiba wa samaki. Alimfuta mdogo wake vumbi lisilokuwapo begani, akasema, "Twende, tutachelewa."

Njia ya kwenda kigangoni ilikuwa na watu wengi. Anatory alitangulia, amevaa koti, hatazami nyuma. Bibi Joviana alifuata na mkongojo wake. Kokuberwa na Projestus walikuwa wa mwisho, na kabla hawajafika mbali, watoto walikuwa nyuma yao.

"Jamani, njooni mwone! Projestus amekuwa Projestina!"

"Projestina, binti Anatory! Utaolewa lini?"

"Tutakula mahari! Tutakunywa rubisi!"

Projestus alimgeukia aliyemwuliza. "Mahari yangu ni senene," alisema, "na wewe huwezi kuokota hata wa kujaza kiganja." Wenzake yule mtoto walimcheka yeye kidogo. Lakini kelele ziliendelea, na kadiri zilivyoendelea, hatua za Projestus zilikuwa fupi zaidi. Kokuberwa aliusikia mkono wa mdogo wake ukitoka jasho ndani ya mkono wake. Kule mbele, shingo ya Anatory ilikuwa imekakamaa. Kila alichokitaka kilikuwa kikitendeka, na kila sauti iliyosema "Projestina" ilimpata yeye kwanza.

Mlangoni mwa kigango alisimama katekista Bartholomayo, kwa kuwa padre alikuja mara moja moja tu, na Jumapili nyingine katekista ndiye aliyeongoza ibada. Alimwona mtoto, akanyoosha mkono kuziba mlango.

"Bibi Joviana, hii ni nini? Mvulana na gauni katika nyumba ya Mungu?"

Bibi alisimama, akamchunguza katekista kuanzia shingoni mpaka miguuni. Bartholomayo alikuwa amevaa kanzu nyeupe, ndefu, iliyopigwa pasi vizuri.

"Na hili ulilovaa wewe, waitu, ni nini?"

"Hii? Hii ni kanzu, Bibi."

"Haya. Na hilo la mtoto ni kanzu ya maua. Tupishe, miguu inaniuma."

Waliokuwa karibu waliangua kicheko, hata Bartholomayo mwenyewe akajikuta ameushusha mkono. Bibi akaingia. Alitangulia kwenda upande wa kushoto, upande wa wanawake, akaketi. Kokuberwa, kwa mazoea, akamfuata. Alipokwisha kukaa ndipo alipogeuka.

Projestus hakuwa nyuma yake. Alikuwa amesimama katikati ya njia.

Katika kigango kile, kama katika vigango vingi, wanaume walikaa kulia na wanawake kushoto, na hakuna aliyewahi kufundishwa jambo hilo. Mtu alilijua kama anavyojua mkono wa kulia chakula. Kila Jumapili Projestus alikaa kulia, kando ya baba yake. Leo alitazama kulia akaona suruali, kaptula na kanzu. Alitazama kushoto akaona magauni na khanga. Alilitazama gauni lake. Hakujua aende wapi.

Wimbo wa kwanza ulikuwa haujaanza. Watu waligeuza vichwa. Mtu akacheka puani. Mwingine akasema, si polepole sana, "Hana mama huyo, ndiyo maana."

Hayo yalikuwa maneno yenyewe. Anatory aliyasikia. Alikuwa amekaa benchi la tatu, mikono juu ya magoti, akingoja jambo alilolipanga: mtoto akimbie nje, alie, alivue gauni nyuma ya kigango, na kesho yake avae kaptula bila neno. Ilibaki hatua ndogo tu. Lakini Projestus hakuutazama mlango. Aligeuza macho akamtafuta baba yake kati ya vichwa vile vyote, kama alivyomtafuta zamani alipotaka kuuliza habari za meno ya ng'ombe. Swali lake lilionekana usoni wazi: Tata, nikae wapi?

Anatory aliinuka. Viatu vyake vilisikika juu ya sakafu. Kokuberwa alifumba macho, kwa sababu hakujua baba yake anakwenda kufanya nini, na huenda Anatory mwenyewe hakujua mpaka alipofika. Alimshika mtoto mkono.

"Mahali pako ni pale pale," alisema, na kwa sauti yake ya ubalozi, ile ya kuamulia mipaka, akawaambia waliogeuza vichwa: "Huyu ni mwanangu. Nilimwahidi gauni, ameliokotea senene, nimempa. Mwenye neno anikute nyumbani kwangu."

Akarudi naye benchi la tatu, upande wa kulia. Na kabla ya kukaa, Projestus aliupitisha mkono nyuma ya mapaja, taratibu, akalikunja gauni lake, safari hii lipo, akakaa. Bartholomayo akaanzisha wimbo haraka, kwa sauti ya juu kuliko kawaida.

Baada ya ibada, yule mtoto aliyeuliza habari za kuolewa alisogea polepole. "Mfuko huu ni wa kweli?" aliuliza. Akaonyeshwa. Akaweka mkono ndani, akautoa. Kisha akasema, "Hebu zunguka tena."

Methali haisemi uongo: kuna mahali wembe ulikata. Gauni lilinasa kwenye tawi la mbuni siku Projestus alipopanda, akabaki ananing'inia, na tangu siku hiyo alilivua mwenyewe kabla ya kupanda. Aliona kwamba halifai kuchungia mbuzi kwenye miiba. Shule ilipofunguliwa alivaa sare kama wenzake, akirudi alasiri alivaa gauni lake uani, akazunguka, akaliweka. Hakuna aliyemwambia lini alivae na lini aliache. Alijua, kwa sababu alikuwa nalo. Naye alikula senene tena, na maswali yakarudi kwa baba yake, mengi kuliko kwanza.

Maneno ya watu hayakuisha siku moja. Jioni moja kwenye rubisi, pombe ya ndizi, jirani mmoja, Rweyemamu, alimwuliza Anatory mbele ya wazee, "Balozi, na yule binti yako mdogo hajambo?"

"Hajambo kabisa," alijibu Anatory, akipokea kata. "Nilimwahidi nguo nikampa. Na mkeo, kile kitenge ulichomwahidi kwa senene wa mwaka juzi, amekishona mshono gani?"

Wazee walicheka mpaka rubisi ikawamwagikia. Tangu hapo Rweyemamu hakuuliza tena, na inasemekana mkewe alipata kitenge wiki ile ile.

Uledi alishusha upindo, akaushusha tena, mpaka ukaisha. Gauni likapanda juu ya magoti, na Projestus akasema kwa huzuni kidogo kwamba sasa vijana wa chama wangemkamata. Akalikunja akampa dada yake alitunze. Kokuberwa alilitunza sandukuni, chini kabisa.

Miaka ilikwenda. Bibi Joviana alizikwa kando ya mibuni. Serikali ilipotaka kila mtoto aende shule na walimu wakawa hawatoshi, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wafundishwe ualimu, na Projestus akawa mmoja wao. Akapangiwa shule kisiwani Bumbire, kwa watoto wa wavuvi.

Asubuhi ya safari, Kokuberwa alimsindikiza mpaka barabarani kungoja lori la ushirika. Ulikuwa mwezi wa Novemba. Alimpa senene wa kukaanga, amewafunga ndani ya kitambaa cha kijani chenye maua meupe. Projestus alikigeuza kile kifurushi, akaona mfuko mdogo ulioshonwa kwa uzi mara mbili. Aliupapasa. Ndevu zilikuwa zimeanza kumwota.

"Dada Koku," alisema baadaye, "nimetaka kukuuliza siku nyingi. Ile Jumapili uani, nilipozunguka nikakutazama, hukusema kitu. Ulikuwa unaniogopea? Au uliona aibu?"

Lori lilisikika likipanda kilima. Kokuberwa aliinama kama alivyoinama mbele ya mwalimu miaka ile. Neno lilikuwa pale pale lilipokwama, halikuwa limezeeka hata kidogo. Wote walikuwa wamesema juu ya gauni lile: Tata kwamba ni ahadi, Bibi kwamba ni wembe, katekista kwamba ni kosa, watoto kwamba ni kichekesho. Jambo moja tu halikuwahi kusemwa na mtu. Aliinua uso.

"Lilikupendeza," alisema, kwa sauti ambayo hata wa mbele wangeisikia. "Lilikupendeza sana, Proje."

Mtoto akililia wembe mpe. Na ukikuta kwamba ni gauni, na limempendeza, usikae nalo kooni, mwambie.